Tangi la Kostiki Hupimwa kwa Kipimajoto, si kwa Rula

Chukua tangi la chuma la wima lenye kipenyo cha mita 4 na kimo cha mita 4. Linabeba mita za ujazo 50. Lijaze kostiki soda ya asilimia 50, ile inayotumiwa na viwanda vya sabuni, nguo na karatasi, na kimiminika peke yake kitakuwa na uzito wa tani 77, kwa kuwa kila lita ni kilo 1.53. Sasa tumia kanuni ya API 650, mwongozo wa Kimarekani unaofuatwa katika nchi nyingi kwa matangi ya namna hii, uulize ni chuma kinene kiasi gani kinachotosha kuuzuia mzigo huo usipasue ukuta. Jibu ni milimita 0.7.

Hakuna anayejenga hivyo, na mwongozo wenyewe hauruhusu. Unadai ukuta usiopungua milimita 5 na kitako kisichopungua milimita 6, ili tangi lisibonyee kwa upepo na bamba lisitoboke kwa moto wa kuchomelea. Lakini hesabu inabaki palepale: katika tangi la ukubwa huu zaidi ya milimita 4 za ukuta ni akiba tupu kabla hujaongeza chochote kwa ajili ya kutu.

Ndiyo maana nina shaka na ushauri wa karakana unaosema, "Bosi, kostiki ni kali, tuongeze unene." Kila milimita unayoongeza kwenye ukuta, kitako na paa la tangi hili ni kilo 592 za chuma. Ukitoka milimita 6 kwenda 9 umetoka tani 3.55 hadi tani 5.3, yaani bili ya mabamba imepanda kwa nusu. Na ulichonunua ni kinga dhidi ya adui ambaye si huyu. Kostiki si tindikali. Ikiwa haina joto, hukifanyia chuma cha kawaida jambo ambalo wajenzi wanalijua bila kulitaja: nondo iliyomo ndani ya zege lenye pH ya 12 hadi 13 hukaa miaka mingi bila kutu, kwa sababu ualikali huo huijengea utando mwembamba wa oksaidi unaoshikamana na chuma na kukifunga. Ndani ya tangi la kostiki baridi utando kama huo huota wenyewe, bila gharama.

Kwa hiyo ndani ya tangi, kwenye joto la kawaida, chuma hupotea kwa mikromita chache hadi makumi ya mikromita kwa mwaka. Mikromita 1,000 ndizo milimita moja. Linganisha na upande wa nje. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9223 huyagawa mazingira ya hewa kwa madaraja, na katika daraja la C5, lenye chumvi nyingi ya bahari au moshi mzito wa viwanda, chuma kisichopakwa rangi hupoteza mikromita 80 hadi 200 katika mwaka wa kwanza. Tangi lililosimama karibu na maji Tanga, Mombasa au Mtwara linaweza kuliwa zaidi na upepo wa bahari kuliko na kemikali iliyomo ndani yake. Nikiona tangi ambalo mwenyewe amelipaka rangi ghali ndani na kuuacha ukingo wa kitako uchakae juu ya mchanga wenye unyevu, najua fedha zilikoelekea na najua kutu itakakoanzia.

Basi hasara ya ndani iko wapi? Ya kwanza haimo kwenye chuma, imo kwenye bidhaa.

Eneo linaloguswa na kimiminika katika tangi letu, ukuta na kitako, ni mita za mraba 62.8. Likipungua kwa mikromita 10 tu kwa mwaka, upungufu ambao kipimo cha karakana hakiuoni, kilo 4.9 za chuma zimeingia kwenye kostiki. Tuseme tangi hujazwa mara moja kila mwezi: tani 924 kwa mwaka. Kilo 4.9 ndani ya tani 924 ni zaidi kidogo ya sehemu 5 kwa milioni. Linasikika kama jambo dogo hadi ukumbuke kwamba kostiki ya daraja la juu huuzwa ikiwa na chuma cha sehemu chache tu kwa milioni. Tangi limekuongezea mara moja tena ya kiasi ulicholipia kiondolewe. Likilika kwa mikromita 100, unafika sehemu 53. Ukuta bado ni mzima, mkaguzi bado anatabasamu, lakini sabuni nyeupe imeanza kugeuka rangi na mtengenezaji wa nguo analalamikia madoa.

Na usisahau thamani ya kilichomo. Kwa bei ya mviringo ya dola 400 kwa tani ya kostiki kavu, niliyoichukua kwa ajili ya hesabu tu kwa kuwa soko hupanda na kushuka sana, tani 77 za myeyusho wa asilimia 50 zina tani 38.5 za kostiki kavu: dola 15,400. Mabamba ya milimita 6 kwa dola 800 kwa tani ni dola 2,840. Kimiminika kina thamani ya mara tano ya mabamba yanayokibeba, na tangi hilo litajazwa tena mwezi ujao.

Hasara ya pili ni ya hatari, na ndiyo inayonifanya nitaje kipimajoto kabla ya rula. Kostiki ikipata joto, chuma hakiliwi taratibu. Kinapasuka.

Mambo matatu lazima yakutane: kostiki yenye nguvu, joto, na chuma kilichobaki na mkazo ndani yake. Mkazo huo mara nyingi hautokani na uzito wa kimiminika. Unatokana na kuchomelea. Mshono unapopoa unajivuta, bamba la pembeni linakataa kuvutwa, na mvutano huo unabaki humo miaka yote ukikaribia kikomo cha nguvu ya chuma chenyewe. Kostiki ya moto huingia hapo na kufungua nyufa nyembamba kati ya chembe na chembe za chuma. Unene unaweza kuwa uleule wa siku ya kwanza. Bamba la milimita 9 hupasuka kama la milimita 6, na pesa zako za milimita tatu za ziada hazikununua kitu.

Jambo hili si geni. Wenye mitambo ya mvuke walilipata katika mabirika yaliyofungwa kwa ribiti, ambako maji yenye ualikali kidogo tu yalivuja kwenye viungo, yakakauka kwa joto na kuacha kostiki nzito katika upenyo. Samuel Parr wa Chuo Kikuu cha Illinois alichapisha utafiti kuhusu athari hiyo mwaka 1917. Somo lake linafaa hadi leo kwa yeyote anayeona ukoko mweupe unaota kwenye flenji au chini ya valvu: pale mvujo ni mdogo, lakini kostiki iliyomo chini ya ukoko imejikusanya kuliko iliyomo ndani ya tangi.

Mstari wa hatari umechorwa zamani na wahandisi wa ulikaji wa Marekani, kwenye chati inayojulikana kwa jina la chama chao, NACE, na hushuka kadiri myeyusho unavyozidi nguvu. Kwa kostiki hafifu ya asilimia chache uko karibu na nyuzi 80 za Selsiasi. Kwa asilimia 50 uko kati ya nyuzi 46 na 50. Chini ya mstari, chuma cha kawaida kilichochomelewa bila matibabu yoyote kinafaa. Juu yake, kila mshono na kila kona iliyokunjwa lazima iondolewe mkazo kwa moto. Juu zaidi, chuma cha kawaida hakifai tena na inabidi kuhamia nikeli.

Mtu wa Pwani ataona nyuzi 46 ziko mbali, kwa kuwa Dar es Salaam yenyewe haifiki huko hata mwezi Februari. Tatizo ni kwamba viwanda vyetu vingi, hasa vya sabuni, havipokei kimiminika. Vinanunua kostiki kavu ya vipande bapa katika mifuko ya kilo 25 na kuiyeyusha vyenyewe. Hapo ndipo hesabu inapobadilika kabisa, na ndipo ningetaka msomaji akae nami kidogo.

Kila kilo ya kostiki kavu ikiyeyuka katika maji mengi hutoa joto la karibu megajuli 1.1. Tengeneza tani moja ya myeyusho wa asilimia 20: mifuko 8, kilo 200 za kostiki, ndani ya kilo 800 za maji. Joto linalotoka ni megajuli 220 hivi, sawa na uniti 61 za umeme, na linatoka kwa muda unaokutosha kumimina mifuko hiyo. Myeyusho unapanda kwa karibu nyuzi 60. Ukianza na maji ya bomba ya nyuzi 27, unaishia kwenye 85 na zaidi. Umevuka mstari, na utauvuka tena kesho na keshokutwa, kila unapochanganya. Tangi ambalo kwenye karatasi ni "la joto la kawaida" linapikwa kila siku ya kazi.

Dawa yake ni rahisi kuliko chuma kinene. Changanya katika chombo kidogo cha chuma cha pua kilichotengwa kwa kazi hiyo, kisha subiri. Peleka kwenye tangi kubwa kikishapoa. Asiyeweza kusubiri apitishe maji ya kupozea kwenye koti la chombo: kwa tani moja ya asilimia 20, maji yakiingia na kutoka kwa tofauti ya nyuzi 10, zinahitajika lita 5,300 hivi, na maji hayo yanaweza kuzungushwa na kutumika tena. Au aweke barafu. Nimepiga hesabu hiyo pia: kuuzuia myeyusho usipite nyuzi 50, karibu kilo 320 kati ya zile kilo 800 za maji ziwe barafu. Iwe barafu ya maji safi, si ile iliyobaki sokoni ikizunguka samaki, maana chumvi yake ni adui wa chuma cha pua. Na utaratibu haugeuzwi: maji na barafu kwanza, kostiki baadaye, kidogo kidogo huku ikikorogwa. Anayemwaga maji juu ya kostiki hurushiwa myeyusho unaochemka usoni.

Nyanda za juu zina tatizo la kinyume linaloishia palepale. Kostiki ya asilimia 50 huanza kuganda kwenye nyuzi 12 hivi, na usiku wa Juni na Julai huko Njombe, Mufindi au Limuru hushuka chini ya hapo. Tani 77 hazigandi usiku mmoja. Huganda kwanza mabomba na pampu. Basi mwenye kiwanda anaweka bomba la mvuke lililojiviringa ndani ya tangi, na mvuke wa bari 3 una joto la zaidi ya nyuzi 140. Kimiminika kwa ujumla wake kinaweza kusoma 30 na kila mtu akaridhika, lakini ngozi ya lile bomba na mshono wake viko juu kabisa ya mstari. Afadhali maji ya moto yasiyozidi nyuzi 45 yakizunguka, au bomba la nikeli kwa sehemu hiyo moja tu.

Wengine hukimbilia kuipunguzia nguvu kostiki kwa maji. Hapa kuna mtego. Ukiishusha kutoka 50 hadi 40, umeharibu zaidi, kwa kuwa asilimia 40 huganda karibu na nyuzi 15. Lazima uende hadi 20, ambayo hubaki kimiminika hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Lakini mita moja ya ujazo ya asilimia 50 ina kilo 765 za kostiki kavu na ya asilimia 20 ina kilo 244, hivyo tangi la mita 50 linageuka tangi la mita 157 kwa kazi ileile. Kwa kiwanda kidogo inalipa. Kwa kikubwa, sidhani.

Kuuondolea mshono mkazo maana yake ni kuupasha moto hadi nyuzi 600 au 650, kuushikilia hapo kwa saa moja kwa kila milimita 25 za unene, na kuupoza polepole. Nishati yenyewe haitishi: tani moja ya chuma inahitaji kinadharia uniti 100 za umeme, ingawa tanuri halisi litakula mara mbili au zaidi. Ugumu ni tanuri lenyewe, maana tangi zima halitaingia. Suluhisho la watu wa vitendo ni kuchomelea midomo yote, yaani viingilio vya mabomba na mlango wa mtu, kwenye vipande vya bamba karakanani, kuviingiza vipande hivyo tanurini, kisha kuviunga kwenye tangi. Mishono mingi yenye mkazo mkubwa huwa hapo midomoni.

Na kubadilisha chuma? Kwa bei za mviringo, tangi letu la milimita 6 likijengwa kwa chuma cha pua cha dola 2,500 kwa tani, mabamba ni dola 9,000 hivi, na unapata utulivu mkubwa kuhusu madoa ya chuma kwenye bidhaa. Likijengwa kwa nikeli tupu, yenye uzito zaidi, ni tani 4, na kwa dola 16,000 kwa tani unalipa dola 64,000 kabla fundi hajagusa kitu. Hiyo nikeli ndiyo ile ambayo tarehe 8 Machi 2022 ilipita dola 100,000 kwa tani kwenye soko la madini la London hadi biashara ikasimamishwa. Kwa kostiki inayohifadhiwa bila joto, nikeli ni anasa.

Rangi ya epoksi ya ndani ni njia ya kati, na kazi yake ya kweli ni kuilinda bidhaa isipate chuma. Haiondoi mkazo wa mshono. Kwa unene wa mikromita 400, rangi kavu ya tangi zima ni lita 30 tu, kwa hiyo anayebishana juu ya bei ya kopo anabishana mahali pasipo. Gharama iko kwenye kupiga mchanga hadi bamba ling'ae, na kwenye saa. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80, asubuhi ya kawaida ya Pwani, huanza kutoa umande kwenye nyuzi 24. Kanuni ya wapaka rangi ni bamba liwe juu ya hapo kwa nyuzi 3 angalau, yaani 27. Kabla jua halijalipasha, usipake.

Kwa haraka, kuhusu metali nyingine: alumini, zinki na shaba nyeupe hazina nafasi hapa. Mtengeneza sabuni anayetumia sufuria ya alumini ajue kwamba kilo moja ya alumini ikimalizwa na kostiki hutoa mita za ujazo 1.3 za haidrojeni, inayotosha kufanya zaidi ya mita 30 za hewa ziweze kulipuka. Bomba la chuma lililopakwa zinki halifai kupitisha kostiki. Na lile tangi jeusi la plastiki lililotengenezwa kwa lita 10,000 za maji, likijazwa kostiki ya asilimia 50, linabeba tani 15.3 badala ya 10.

Makadirio makubwa yapo. Chama cha NACE kilikadiria mwaka 2016 kwamba ulikaji huigharimu dunia dola trilioni 2.5 kwa mwaka, asilimia 3.4 ya pato la dunia, na kwamba kati ya asilimia 15 na 35 ya hasara hiyo ingeepukika kwa maarifa yaliyopo. Ni tarakimu za kutikisia mkutano, hazimsaidii mwenye tangi moja. Kinachomsaidia ni kisa cha Charleston, West Virginia. Tarehe 9 Januari 2014 tangi la kampuni ya Freedom Industries lilivujisha kemikali ya kuoshea makaa ya mawe kwenye mto Elk. Haikuwa kostiki, lakini tangi lilikuwa la chuma na chanzo kilikuwa ulikaji: kutu ilikuwa imechimba matundu mawili madogo kwenye kitako. Watu wapatao 300,000 waliambiwa wasitumie maji ya bomba. Siku nane baadaye kampuni iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Ukuta wa kinga ulikuwepo, nao ulivuja.

Kwa tangi letu, ukuta huo wa kinga unapaswa kushika asilimia 110 ya ujazo, yaani mita za ujazo 55: eneo la mita 7.5 kwa 7.5 lenye ukuta wa mita moja. Ile asilimia 10 ya ziada ni mita za ujazo 5. Mvua moja ya milimita 100, ambayo masika ya Pwani huileta, inaweka mita za ujazo 5.6 humo ndani. Valvu ya kutolea maji ya mvua ikisahaulika kufungwa, ukuta haupo. Isipofunguliwa kabisa, akiba haipo.

Ukaguzi ni wa bei nafuu kuliko vyote hivi. Mwongozo wa API 653 unataka tangi litazamwe nje kila mwezi na watu wa kiwanda wenyewe, likaguliwe nje na mkaguzi aliyeidhinishwa kila baada ya miaka 5 au chini ya hapo, na unene upimwe kwa mawimbi ya sauti. Kipimo cha sauti hakigundui nyufa za kostiki kwa urahisi, kwa hiyo mishono ya midomo ipimwe kwa rangi ya kupenya au kwa sumaku kila tangi linapofunguliwa.

Unayeagiza tangi mwaka huu, kabla hujatia saini mdai fundi abandike kibao chenye mambo matatu: asilimia ya juu ya kostiki, nyuzi za juu za joto, na midomo ipi ilipita tanurini. Akikujibu kwa kukutajia milimita, tafuta fundi mwingine.